Nyuki Wadogo wa Mpakani

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefika Uru. Mizigo yangu ni kinasa sauti, maiki mbili, hedifoni, kompyuta, na koti zito ambalo baba amenilazimisha kulibeba. Huko kwetu kwenye miwa watu wanaamini Uru barafu inaanguka hadi barazani. Bibi Odilia, mwenyeji wangu, ameniwekea bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, kabla sijavua viatu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza nimekuja kusomea nini hasa.

"Sauti za wadudu wakiruka, Bibi."

"Wakiruka tu? Wakitua je?"

"Wakitua hawana cha kuniambia."

Akanisogezea kijiko. "Na chuo kinajua?"

Nikamwambia chuo ndicho kilichonituma. Akasema basi sawa, maadamu si wazo langu peke yangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Niandike mapema kwa nini niko hapa, nisije nikajisahau kwa kula ndizi. Ninataka kuifundisha simu ya kawaida imtambue mdudu kwa mlio wa mabawa yake. Mkulima aiache simu kwenye mbuni wake wa kahawa, jioni simu imwambie: leo wamekuja nyuki wa asali wengi, nyuki wadogo wachache, na yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao alipita mara moja. Nyuki wa asali ninaye tayari kwa wingi. Ninayemtaka ni nyuki mdogo, yule asiyeuma, akiwa kwenye ua la kahawa.

Na hapo ndipo penye kazi. Kahawa haichanui kwa ratiba ya chuo. Inangoja mvua, inakaa siku kadhaa, halafu inafumuka yote kwa pamoja, na baada ya siku mbili tatu maua yamekwisha. Msimamizi wangu, Dokta Rogath, amesema wazi: nisiporekodi maua ya vuli hii, mradi unafungwa Desemba na nafasi yangu inafungwa nao.

Sina wasiwasi. Nimeimba alto kwaya ya Kilutheri kule kiwanda cha sukari tangu darasa la tano, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akisema sikio langu lingeweza kuajiriwa. Leo mchana nzi aliingia chumbani, nikamjua kwa noti yake kabla sijamwona. Nyuki wadogo wenyewe wako kwenye mizinga inayoning'inia chini ya paa la stoo ya jirani, hatua chache kutoka mibuni ya Bibi. Dokta hakukosea kuchagua mahali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jogoo, jogoo, jogoo. Rekodi ya asubuhi nzima ni jogoo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Jirani mwenye mizinga anaitwa Mzee Wenseslaus. Ni mdogo wa marehemu mume wa Bibi, Mzee Eliezeri. Kihamba, yaani shamba la ukoo, cha huyu na cha yule vimepakana, na katikati pamepandwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga wanaiweka mpakani.

Leo nimejua kwamba hawa wawili hawaongei. Nilikuwa nimesimama katikati na maiki yangu, Bibi akipalilia upande huu, mzee akikata majani ya ng'ombe upande ule.

"Eva," Bibi akasema, "mwambie shemeji yangu ng'ombe wake amekanyaga maharage yangu."

Mzee alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika mkono. Nikamgeukia. "Shikamoo, Mzee. Bibi anasema..."

"Marahaba. Nimesikia. Mwambie nitamfunga."

"Bibi, Mzee anasema..."

"Nimesikia."

Nikawaomba wote wanyamaze maana ninarekodi. Wakanyamaza mara moja, hiyo kazi wanaiweza. Mke wa mzee, Mama Zita, alinikonyeza kutoka jikoni kwake. Ameniambia baadaye kwamba ni hivyo tangu mazishi ya Mzee Eliezeri, miaka kumi na moja. Kanisani wanakaa benchi moja na wakati wa kutakiana amani wanashikana mikono bila kutazamana. Nimecheka sana. Watu wazima!

Jumatatu, 14 Oktoba

Upepo. Majani ya masale yanapiga maiki, pa, pa, pa. Nyuki mdogo ana sauti nyembamba, akipita namsikia kama uzi, halafu pa, uzi umekatika. Kesho nitalimaliza hili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimelimaliza. Nimeazima panga na kufyeka kipande kidogo cha masale mbele ya mizinga, kiasi cha kitanda. Bibi alikuwa kwenye sala za jumuiya. Rekodi ya jioni ni safi ajabu! Nyuki mdogo anaimba noti ya juu kuliko nyuki wa asali, anakaza kidogo akiondoka mzingani, analegea akirudi. Nimemtumia Dokta, akajibu kwa dole gumba. Dokta Rogath hagawi dole gumba ovyo.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeamshwa na sauti ya Mzee Wenseslaus, na safari hii hakuhitaji mjumbe.

"Nani amekata mpaka?"

Nikatoka na kanga mabegani. Alikuwa amesimama kwenye uwazi wangu, ameshika shina moja la isale lililokatwa, amelishika kwa mikono miwili. Bibi alisimama mlangoni akiwa amekauka.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. Sikuona sababu ya kuficha. "Yalikuwa yanapiga maiki. Ni majani tu, yataota."

Laiti ningeishia kwenye "ni mimi". Mama Zita alijishika mdomo. Mzee alimtazama Bibi juu ya kichwa changu na kusema, akimwambia yeye moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nije, lakini kwa ubaya:

"Umemtuma mtoto wa watu akufungulie njia. Vizuri. Nitaita ukoo na mwenyekiti wa kitongoji waje wapime upya. Na hiyo mashine nikiiona hapa tena, watapima siku hiyo hiyo."

Akaondoka na lile shina.

Bibi alinikalisha jikoni na kunieleza kama anavyoelezwa mtoto wa kipaimara. Kwetu chini kwenye miwa mpaka ni mfereji na bango la kampuni, bango likioza wanaleta jingine. Huku isale ndilo hati. Babu aliyelipanda amekufa, aliyeshuhudia amekufa, isale limebaki linasema. Anayelikata usiku au mchana anajulikana anataka nini: anataka ardhi. Na isale hilo hilo ndilo unalolibeba ukienda kuomba radhi, na ukiletewa huwezi kukataa.

"Wakipima upya, mimi ni mjane," akasema. "Kamba ya kupimia haijawahi kuongeza upande wa mjane."

Akaniomba niifungie mashine kabatini mpaka mambo yapoe. Nikaifungia. Nilikuwa na hasira, na nikiri kwamba nyingi ilikuwa ya mtu aliyekosea.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Kubwa, ya usiku kucha mpaka asubuhi. Kila mtu Uru anafurahi isipokuwa mimi, kwa sababu sasa kahawa imeanza kuhesabu siku za kuchanua.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimempigia Dokta. Nimemuuliza kama naweza kuhamia shamba la Kibosho. Huko kuna nyuki wa asali tu. "Evaline, nyuki wadogo wako hapo ulipo. Ongea na watu," akasema. Yeye huongea na watu kwa barua pepe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Vichipukizi vya maua vimevimba, vyeupe kwa kijani. Mzee amepita, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kwa sababu marahaba haizuiliki, lakini hakupunguza mwendo.

Jumapili, 27 Oktoba

Imechanua.

Nilifungua dirisha na harufu ikaingia kabla ya mwanga. Mibuni yote chini ya migomba imevaa meupe kutoka shinani hadi nchani. Nilikwenda nikasimama katikati yake mikono mitupu. Nyuki wadogo walikuja kwa mamia, wakapita usoni kwangu, masikioni kwangu, wengine wakatua kwenye nywele. Niliwasikia wote. Nilisikia yule anayefika, yule anayehama ua, yule aliyejaa anayerudi nyumbani, na nilijua kwamba hakuna hata mmoja nitakayempeleka Moshi mjini, sembuse chuoni. Nimelia kidogo. Kilio cha hasira hakina aibu.

Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza. Bibi alikuwa kanisani, mzee kanisani. Nilimfikiria Bibi na ile kamba ya kupimia, nikaenda kumenya ndizi.

Jumanne, 29 Oktoba

Maua yameanguka. Chini ya mibuni kweupe. Lakini Mama Zita anasema kahawa haichanui mara moja, ikinyesha tena vizuri kutakuwa na mchanuo wa pili. Nimeamua sitakaa kungoja huruma. Kesho naenda kuomba radhi, kwa isale, kama inavyotakiwa. Mimi ni mtu wa kujifunza upesi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimejifunza upesi mno.

Nilichagua isale zuri kuliko yote, bichi, refu, halina doa. Nikalifunga fundo kama nilivyoona wengine wanafanya, nikavaa gauni la Jumapili, nikaenda kwa Mzee Wenseslaus. Nilimkuta barazani anakula kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage. Nikapiga magoti, nikanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekosa. Naomba unisamehe."

Alilitazama lile jani. Akalitazama tena. Halafu akatazama mpakani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Pale, Mzee."

"Pale wapi?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. "Pale... mpakani."

Mama Zita aliingia jikoni haraka, nikasikia sufuria ikianguka na mtu akijaribu kucheka bila kutoa sauti. Mzee aliweka kijiko chini.

"Kwa hiyo umenikata mara ya pili ili uombe msamaha wa mara ya kwanza."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nisipokusamehe, utarudi kukata la tatu."

Nilikaribia kucheka na mimi, Mungu ndiye aliyeniokoa. Mzee alinirudishia isale. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka. "Nenda, binti. Isale haliletwi na mgeni. Aliyekukaribisha ndiye anayekusemea. Mimi nipo, sijahama."

Nilimpelekea Bibi ujumbe. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuuona uso wake ukiwa mgumu. "Mimi? Kwa Wense? Bora kahawa ikauke."

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Kaburi la Mzee Eliezeri liko ndani ya kihamba cha Bibi, nyuma ya zizi. Mzee Wenseslaus alikuja alfajiri na maua na mshumaa, akasali, akaondoka. Bibi alimwona kupitia dirishani, akangoja avuke mpaka, ndipo akaenda na mshumaa wake. Akauwasha kwa moto wa ule wa kwanza. Sikucheka leo.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua tena. Nzito, imejaa mifereji. Vichipukizi vilivyobaki vimeanza kuvimba.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Bibi nitaondoka wiki ijayo. Nilisema kwa upole, tena nilikuwa nimemaanisha. Nilisema kosa ni langu na sitaki libebwe na mtu mwingine.

Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua huku akiongea, na hivi ndivyo alivyosema. Siku ya mazishi ya mumewe, mbele ya waombolezaji wote, mbele ya padri, Wenseslaus alisimama kusema neno la familia. Akasema kaka yake asingekufa kama angewahishwa hospitali. Hakumtaja mtu. Watu wote wakageuka wakamtazama mjane.

"Nilimpeleka mara tatu, Eva. Mara ya mwisho nilimbeba mimi na mwanangu hadi barabarani, mvua inanyesha kama hii. Wense alikuwa Arusha kwenye biashara zake. Hakuniuliza hata siku moja."

Mwezi mzima nimeandika humu kwamba hawa ni wazee wawili wakaidi, na nimewacheka, na nimewatumia kama kichekesho kwenye simu nikiongea na baba. Nilidhani ugomvi ni wa majani. Nimeona haya kweli kweli.

"Bibi, usiende kwa Mzee," nikasema. "Kwa ajili ya nyuki wangu usiende."

"Nani amesema ninakwenda?" Akamwaga maharage kwenye sufuria.

Jumapili, 10 Novemba

Sijaondoka. Bibi amesema nisaidie kuvuna ndizi kwanza. Kisha zizi lisafishwe kwanza. Kisha kuna harusi ya jirani.

Jumatano, 13 Novemba

Jioni hii ncha za maua zimeanza kupasuka. Kesho.

Alhamisi, 14 Novemba

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Niliamka nikakuta mibuni imechanua, si mingi kama mara ya kwanza ila ya kutosha. Mashine ilikuwa mezani, nje ya kabati, pamoja na chai yangu. Mimi sikuitoa. Bibi alikuwa uani amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba, na mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.

"Beba vitu vyako," akasema. "Na usiniulize nimelitoa wapi, nitakuambia mwenyewe. Nimelitoa kaburini kwa Eliezeri."

Tulikwenda mpakani. Mzee Wenseslaus alikuwa tayari amesimama upande wake, sijui Mama Zita alimwambia nini. Bibi hakupiga magoti. Alinyoosha isale juu ya ule uwazi nilioukata mimi.

"Mgeni wangu alikukosea. Ameteleza, si mwizi. Nakuomba umsamehe. Jani limetoka kwa kaka yako."

Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua, akalishika kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilimwona nyuki mdogo akitua juu ya fundo na kuondoka.

"Amesamehewa," akasema. Akanigeukia. "Washa mashine yako."

Nikaweka maiki katikati ya uwazi, nikavaa hedifoni, nikawasha. Mama yangu! Walikuwa wakitoka mzingani wakikaza, wakivuka mpaka, wakilegea kwenye ua, wakihama, wakirudi. Hakuna jogoo, hakuna upepo, hakuna jani. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na niliwasikia mmoja mmoja kama ninavyozisikia sauti za kwaya yetu. Nilijua ninacho. Asubuhi nzima kama hii, na tasnifu imekwisha.

Dakika chache baadaye, ndani ya hedifoni, sauti ya mtu. Karibu sana, kubwa.

"Odilia."

Niliinua kichwa. Wazee walikuwa hawajaondoka. Walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake, maiki iko katikati yao.

"Odilia. Siku ile ya mazishi."

Mkono wangu uliinuka wenyewe, kidole kuelekea mdomoni, kama nilivyowafanyia watu wote wa mtaa huu tangu Oktoba. Nilimwona Bibi. Hakuwa akinitazama. Nikaurudisha mkono mapajani.

"Nilijua ulimpeleka," Mzee alisema. "Nilijua hata wakati nasema. Daktari alishaniambia."

"Ulijua."

"Nilijua. Ni mimi niliyekuwa mbali. Nikaona nikisema hivyo, watu hawataniangalia mimi."

Nyuki wakapita katikati yao.

"Wakaniangalia mimi," Bibi akasema.

"Wakakuangalia wewe."

Sauti ya Mzee ilivunjika pale. Sauti ya Bibi haikuvunjika, ilipanda. Alimwambia yote, mvua, barabara, mara tatu, jina la nesi, viatu alivyopoteza kwenye tope. Alimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga, kisha nikaacha kuelewa. Mzee alikuwa akiitikia tu. Kwenye kompyuta nilikuwa nikiona sauti zao zikijaza mahali pote ambapo nyuki wangu wanapaswa kuwa. Mwanamume chini, mwanamke juu, na uzi mwembamba wa nyuki umezama ndani yao. Kila sentensi ilikuwa inanilia rekodi, na nilijua hivyo sentensi kwa sentensi.

Mama Zita alileta viti. Vikawekwa viwili, kila kimoja upande wake wa mpaka. Waliongea mpaka saa sita mchana ilipoanza mvua ya mawe, na mvua ile haikuacha ua hata moja mtini.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumepanda masale, Mzee akichimba, mimi nikishika. Masale niliyofyeka mara ya kwanza ndiyo yaliyotoa vipando. Isale ukilikata unalichomeka tu ardhini. Mzee alinisahihisha mara kadhaa kuhusu mstari, na Bibi akamsahihisha Mzee, moja kwa moja, kwa sauti.

Jumatano, 20 Novemba

Nimehesabu nilicho nacho. Dakika zile za mwanzo ni safi na zinaonyesha nilichosema tangu mwanzo: nyuki mdogo anatambulika kwa sauti, hata akiwa kwenye ua moja na nyuki wa asali. Zinatosha sura moja. Niliahidi tatu. Nitaiandika sura hiyo moja hivi kwamba watajuta kutonipa muda wa nyingine.

Jioni Dokta Rogath amepiga. Amesikiliza rekodi yote, hadi mwisho. Aliniuliza kama najua kwamba mradi hauna vuli nyingine. Nikamwambia najua. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kuelewa, kwa nini sikuwaambia wale wazee wanyamaze.

Nikamjibu kwamba walikuwa wameshanyamaza miaka kumi na moja.